Jembe la Usumbwa Lilifikaje Ugogo?

Na Katibu wa Chama



Katika mikutano miwili iliyopita limezuka shauri ambalo mpaka sasa halijapata mwisho, nalo ni shauri la fedha za vikundi vyetu vya ususi. Karafuu zetu kavu, kama kila mmoja ajuavyo, zina mnunuzi mmoja kwa sheria, yaani Shirika la Biashara la Taifa, na bei yake hutangazwa. Hapo mkulima hana haja ya kutafuta wateja. Lakini majamvi ya kuanikia, mikeka ya kulalia, makawa, vikapu na pakacha ni mali ambayo kila msusi huiuza kwa jina lake mwenyewe, na riziki yake humpata au humkosa kwa jina hilo.

Vijana wetu wameomba kwamba nusu ya fedha zilizomo katika mfuko wa ususi zinunue simu kubwa mbili, na alipwe mtu wa kupiga picha na kuzitia katika mitandao ya kijamii kila siku, na iliyobaki ilipie matangazo huko huko mitandaoni. Wao wasema biashara isiyoonekana mitandaoni siku hizi ni kama duka lililofungwa milango. Wazee nao wamejibu kwamba mama zao walisuka na kuuza miaka yote bila ya picha, na hawakulala na njaa. Kamati imeniagiza niandike nionavyo, ili mkutano ujao usianze tena kwenye kelele.

Nami nimeona nijibu kwa kupitia mbali kidogo, yaani njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora ikaishia Ujiji. Nina sababu mbili. Mwaka jana nilikwenda Tabora kwa arusi ya jamaa, nikapata siku chache za kutembea na kuuliza. Na ya pili ni kwamba nchi ile si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Wanyamwezi wamekuja visiwani kuchuma karafuu tangu zamani, na wako wenzetu humu chamani ambao babu zao walishuka kwa njia hiyo hiyo. Tena, nikitafuta mfano wa kazi ya mikono iliyouzwa mbali sana pasipo gazeti, pasipo simu wala tangazo la namna yo yote, siujui ulio bora kuliko wa huko.

Tabora ya zamani iliitwa Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe. Waarabu na Waswahili wa pwani walijenga hapo matembe yao karibu na mwaka 1850, na Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipofika mwezi Novemba 1857 walimkuta mwenyeji wao Snay bin Amir yu katika raha yake, ana ghala na wageni na khabari za nchi zote za bara. Kutoka pwani mpaka hapo ni zaidi ya kilomita 800, na msafara wa biashara ulichukua miezi mitatu hivi, mara nyingi zaidi. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa frasila mbili, yaani ratili sabini, bila ya kuhesabu chungu chake, mkeka wake na chakula chake. Wakati wa kupanda alichukua merikani, ambayo ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts huko Marekani, na kaniki, na shanga, na waya wa shaba. Wakati wa kushuka alichukua pembe.

Hayo yamo katika vitabu vya skuli. Ambayo hayasemwi sana ni kwamba, pamoja na merikani na pembe, njia ile ilichukua kazi za mafundi wa bara wenyewe, na mojawapo ilikuwa jembe.

Wahunzi wa Kisumbwa na Kilongo, kaskazini na magharibi ya Unyamwezi, walikuwa wakiyeyusha chuma kwa mkaa na mivuo, wakafua majembe mapana yenye mkia wa kuchomekwa katika mpini. Majembe hayo yaliletwa Tabora kwa wingi. Wapagazi waliokuwa wakishuka pwani walinunua kadhaa wakayafunga pamoja na mizigo yao, na walipofika Ugogo, nchi kame yenye ng'ombe wengi na chuma kidogo, waliyatoa kwa kupata mbuzi na nafaka, au yakatumika katika kulipa hongo. (Nawakumbusha vijana kwamba hongo zamani zile haikuwa rushwa. Ilikuwa ushuru wa mwenye nchi kwa kila apitaye.) Kwao Unyamwezi jembe lilitolewa mahari, likalipiwa deni, likawekwa akiba. Lilikuwa chombo cha kulimia na fedha kwa pamoja.

Basi yule mhunzi wa Usumbwa hakumwona hata siku moja Mgogo aliyelima kwa jembe lake. Hakujua jina lake wala lugha yake. Jembe lilifikaje?

Nijuavyo mimi, lilifika kwanza kwa sababu lilikuwa sawa na jenzake. Mtu aliyepokea jembe la Usumbwa mwaka huu alijua uzito wake na upana wake, na la mwaka ujao angelitambua kwa jicho kabla ya kulishika. Ndiyo maana liliweza kuwa fedha, kwani fedha isiyofanana na nyingine haipokelewi. Mhunzi aliyetaka kupunguza chuma ili apate faida angeonekana mara moja, maana jembe lake lingewekwa kando ya jingine. Hapakuwa na haja ya mtu kulisifu. Lilikuwa limekwisha kujieleza kwa uzito wake.

Chumvi ya Uvinza ilikuwa vivyo hivyo. Chemchemi zile za maji ya chumvi zi karibu na mahali mto Ruchugi uingiapo Malagarasi, na wachimbuzi wa mambo ya kale wameona kwamba watu wamekuwa wakichemsha chumvi hapo tangu miaka zaidi ya elfu moja iliyopita. Wakati wa kiangazi, maji ya mto yakipungua, watu walikusanyika kutoka nchi za jirani, wakajenga vibanda, wakachemsha katika vyungu, wakamtolea mtemi fungu lake, na mvua zikianza wakarudi makwao kulima. Chumvi ikaenda Tabora, ikaenda Ujiji, ikavuka ziwa. Aliyeionja mara moja hakuhitaji kuambiwa tena.

Naomba wanachama waangalie neno hilo la kiangazi, kwa sababu ndani yake mna jambo zito kuliko yote niliyonayo. Watu wale walikuwa wakulima kwanza. Chumvi ilichemshwa kazi ya shamba ilipokwisha, na hata wapagazi wengi walishuka pwani kiangazi ili warudi wawahi kupanda. Kazi ya mikono ilikuwa na majira yake, na wanunuzi waliyajua majira hayo na kuyangoja.

Sasa linganisheni na haya tunayoshauriwa. Mtandao wa kijamii hauna majira. Ukinyamaza wiki mbili umesahauliwa, na ili usisahauliwe yakupasa uonyeshe kitu kipya leo na kesho na kesho kutwa. Nani kati yetu ataonyesha mkeka mpya wakati wa vuli ya karafuu? Wakati huo mama yu juu ya chane tangu alfajiri, watoto wachambua, baba yuko mtini, na ukili umetundikwa ukutani mpaka msimu uishe. Mkeka mzuri wa ukindu wenye nakshi ni kazi ya wiki kadhaa, kuanzia kukata, kuanika, kutia rangi, kusuka, hata kushona na kupinda. Tangazo likiitikiwa na watu mia kwa siku moja, tutawapa nini? Ama tutawaambia wangoje, wakasirike na kutuandika vibaya, ama tutasuka mbio mbio ukili wa mapengo. Nimekwisha kuona kazi ya namna hiyo ikiuzwa penginepo, na sitaki kusema zaidi.

Tangazo hufaa kwa mtu mwenye mashine, ambaye akiombwa mia hutoa mia na akiombwa elfu hutoa elfu. Msusi ana vidole kumi.

Lakini sitaki niipambe njia ya Tabora kama arusi. Njia ile ile ilipitisha watu waliofungwa minyororo, wakaletwa pwani na visiwani, na katika mashamba haya haya ya karafuu walifanya kazi ya utumwa mpaka sheria ya mwaka 1897. Hatuwezi kusema habari ya jembe na chumvi tukalipita hilo kimya.

Tena hata kwa mafundi walio huru njia haikuwa na huruma. Faida kubwa ilibaki mkononi mwa aliyejua bei za pande zote mbili. Wafanya biashara wa Tabora waliletewa barua kutoka Unguja za kuwaarifu bei ya pembe na bei ya nguo, na nyuma yao walikuwako matajiri waliowakopesha mali ya miezi na miaka, kama Tharia Topan aliyempa Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mali ya safari zake. Mhunzi hakuletewa barua na mtu. Alijua bei ya mlangoni pake tu. Hapo ndipo nikubalianapo na vijana wetu kabisa: asiyejua bei ya mbali huuza rahisi daima. Mkeka unaotoka hapa kwetu kwa bei ya kilo chache za sukari huonekana mjini katika duka la wageni kwa bei ambayo msusi akiisikia hukaa kitako.

Na njia yenyewe ilikuwa na wenyewe. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo alipogombana na Waarabu wa Tabora aliifunga njia ya kwenda Ujiji, na ikawa imefungwa kweli. Henry Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alilazimika kuzunguka kusini ili afike ziwani. Wenye mali waliokaa Tabora siku hizo waliitazama mizigo yao tu. Baadaye Wajerumani wakaleta reli, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mpagazi aliyekuwa mfalme wa njia akawa hana kazi. Bagamoyo ikalala, Dar es Salaam ikaamka. Majembe ya viwanda vya Ulaya yakajaa madukani kwa bei ndogo, na mivuo ya Usumbwa ikazimika moja moja. Ufumaji wa nguo za pamba, ambao Wanyamwezi na Wafipa walikuwa nao tangu kale, ulikuwa umekwisha kuumizwa na merikani kabla ya hapo.

Nimeyataja haya kwa sababu mtandao wa kijamii nao ni njia ya watu. Mwenyewe yuko mbali, hatumjui, na yeye aweza kuifunga au kuipindisha siku apendayo. Leo picha zako zaonekana na watu elfu, kesho amebadili kanuni zake na zaonekana na watu thelathini, na ukitaka waongezeke huna budi kulipa. Wagogo walitoza hongo msafara ulipopita nchini mwao, na walijadiliana na mtu uso kwa uso. Hawa hutoza kila siku, na hakuna wa kujadiliana naye.

Sasa niseme niliyoyaona Tabora ya leo, ambayo sifa yake ni asali. Miti ya miombo imezunguka mji kila upande, na watu hutundika mizinga mitini kama mababu zao. Mizinga mingine ni ya magogo, mingine ya mbao kwa mtindo wa kisasa, na mingine bado ni ya magome, ingawa mabwana nyuki huikataza kwa kuwa mti ukibanduliwa gome pande zote hufa. Asali huuzwa sokoni na madukani, na watu wengi huijua kwa kuinunua kwenye vituo vya treni, chupa ikiinuliwa dirishani.

Hapo kituoni nilijifunza kitu. Treni husimama kidogo, muuzaji na mnunuzi hawajuani, na hawataonana tena. Wako wauzaji waaminifu, na wako wanaochanganya maji ya sukari, na abiria hana namna ya kuwatenga, kwa hivyo hupunguza bei kwa wote kwa kuwa hamwamini hata mmoja. Mwaminifu hulipia dhambi ya mwenziwe. Nilipokuwa nikitazama niliwaza kwamba hivi ndivyo biashara ya picha za mitandao ilivyo: dirisha la treni ndefu sana, inayopita wala hairudi.

Nilimkuta baadaye mzee mmoja mrina asali, nje kidogo ya mji, ambaye haendi kituoni kabisa. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Watoka pwani wewe, nasikia sauti."

Nikamwambia natoka kisiwani, kwenye karafuu. Akacheka, akasema babu yake alikwenda huko kuchuma akarudi na kanga mbili na kikohozi. Nikamwuliza wanunuzi wake humjuaje na hali hana duka wala tangazo.

"Wananijua kwa asali ya mwaka jana," akasema. "Asiyerudi namtafuta, au namwuliza nduguye kwa nini harudi."

Akanionyesha daftari la skuli, limefungwa kwa uzi, mna majina ya wateja wake na debe au chupa za kila mmoja kwa kila mwaka. Wengine wako Dodoma na Dar es Salaam, na mmoja yuko Mwanza. Akisha kurina huwapigia simu mmoja mmoja kwa simu ndogo ya vitufe, hupeleka asali kwa basi, na fedha humjia kwa simu hiyo hiyo. Kila debe hulitia alama yake kwa nta juu ya kifuniko. Nikamwuliza kama alama yaweza kuigwa. Akasema yaweza, lakini aliyeiiga ilibidi aige na asali, na ile ilimshinda.

Hata hivyo mzee huyo hakunificha shida yake. Mwaka wa mavuno makubwa daftari halitoshi. Wateja wake wakisha kupata, yabaki madebe, na hapo huja mchuuzi na gari lake akataja bei yake naye hana la kufanya. Mwanawe humwambia angekuwa mtandaoni asingeyauza hivyo. "Labda," akasema. "Lakini na yeye nilimpa madebe mawili ayauze huko, akaulizwa bei na watu wengi, akauza chupa tatu." Sijui kama kisa cha kijana mmoja chatosha kuwa hoja. Nakileta kama nilivyopewa.

Na reli nayo yahama tena. Ile mpya ya kisasa, ambayo tangu mwaka 2024 huchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, inaendelea kujengwa kuelekea Tabora, na treni zake hazisimami kila kijiji kama zile za zamani. Wauzaji wa madirishani wana haki ya kuwa na wasiwasi. Yule mwenye daftari sikumwona na wasiwasi wo wote.

Basi rai yangu kwa kamati ni hii. Simu za kuongea na za kupokelea fedha tunazo tayari, na hizo ni daftari la mzee yule. Simu kubwa mbili na mtu wa picha kila siku sikubaliani nazo kwa fedha za mfuko. Kijana apendaye kuonyesha kazi ya mama yake kwa simu yake mwenyewe hatumzuii, na akileta mnunuzi tutamshukuru. Ila nakshi mpya zisipigwe picha kabla hazijauzwa, kwani wako wenye mashine za plastiki wanaotazama, na mkeka wa plastiki wenye nakshi yetu ukisha kushuka bandarini hatuna wa kumshtaki.

Fedha zenyewe naona zitumike kwa mambo yatakayolifanya jamvi letu liwe kama jembe la Usumbwa. Hivi sasa kila kijiji kina upana wake wa jamvi, na mnunuzi aliyechukua kumi hupata namna nne. Tukubaliane upana na urefu, na idadi ya chane za ukili, na kila kikundi kitie alama yake pembeni kwa uzi wa rangi, ili jamvi likichanika mapema tujue limetoka wapi. Kisha tumwagize mtu wetu aliyeko mjini Unguja atuletee kila mwezi bei halisi za madukani, zisomwe hadharani, tusiwe kama mhunzi aliyejua bei ya mlangoni pake. Na kwa mwaka wa kazi nyingi, ambao ndio ulioshinda daftari la mzee, tutenge fedha za kununua kwa bei ya haki mikeka iliyobaki kwa wanachama, iwekwe ghalani mpaka wanunuzi warudi. Hilo la mwisho ndilo litakalokula fedha, nami nasema wazi kwamba sina hakika kama zatosha kwa msimu mzima. Mweka hazina atatoa hesabu.

Shauri litapigiwa kura katika mkutano ujao, baada ya sala ya Ijumaa. Wenye rai nyingine, khasa vijana, waniletee kwa maandishi kabla ya hapo nipate kuzisoma zote mbele ya mkutano. Na kila kikundi kije na jamvi moja la kazi yake ya kawaida, si lile la maonyesho, pamoja na kamba ya kupimia.